Mlango Uliotokea Mara Mbili

Shikamoo, Mjomba.

Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kuitikia, jicho liko kwenye kamera, mtu anasubiri marahaba yake mpaka anachoka na kukaa. Basi nimekusalimia, naendelea.

Naandika nikiwa studio, kwenye kiti chako. Bado kinalia ukiegemea, sijakitengeneza. Asubuhi nimepiga picha za pasipoti, kisha wasichana wa Kilakala wakaja na sare zao kutaka picha ya kundi, wakacheka mpaka nikasahau nilichokuwa nafanya. Ungewafokea kidogo, halafu ungewapiga picha nzuri. Mimi niliwapiga ya wastani.

Tatizo la kwanza la barua hii ni kwamba sijui mwishoni nitaandika jina gani. Siku ya arobaini yako, khitma ilipokwisha, wazee wa ukoo walinikalisha kwenye mkeka, wakanivika kanzu yako ambayo mikono yake inanifika kwenye vidole, wakasema jina la mjomba limekaa kwa mpwa. Kuanzia leo huyu si Idi, huyu ni Salehe. Watu wakapanga mstari kunipa mkono. Mama, dada yako, alilia na kuniita kaka. Bibi peke yake hakuinuka. Alikaa pale pale penye kona yake, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Salehe namjua mimi. Nimemzaa mimi." Tangu siku hiyo ananiita "wewe". Hata Idi amelikataa.

Mjomba, iliniuma. Mimi sikuliomba hilo jina.

Lakini ninachokuandikia ni ile picha ya mlango wa Bibi. Imekwisha. Haikwisha ulivyopanga, na nataka uisikie kwangu.

Wewe ndiye uliyemwahidi. Tulikuwa wote kule juu Kinole, kiangazi, wewe umekaa sakafuni kwa Bibi karibu na kitanda chake, unatazama mlangoni. Mafiga yake mbele yako, masizi ukutani, na nje migomba inashuka bondeni, kisha mlima unapanda upande wa pili. Mama alikuwa anambembeleza Bibi ahamie kwake Kihonda kabla ya masika, kwa sababu mvua za mwaka jana zilikuwa zimemega shamba la jirani. Bibi akasema Kihonda ukifungua mlango unaona tofali za jirani. Yeye kila asubuhi tangu aolewe amefungua mlango na kuuona mlima. Ndipo ukamwambia, "Mama, nitakupa huo mlango uende nao. Ndani na nje, kwenye picha moja. Utautundika Kihonda, utakaa kama uko hapa."

Akakuuliza kama ukimpa atahama kweli. Ukasema ahadi kwa ahadi. Mkapeana mikono mkicheka.

Mimi nilijua kazi yake. Ukipima mwanga wa ndani, mlango unakuwa kama shuka jeupe, mlima haupo. Ukipima wa nje, ndani panakuwa shimo. Bibi akashangaa kamera kubwa vile inashindwa na jicho lake bovu. Ukamweleza kuhusu HDR kwa namna uliyonieleza mimi nilipoanza: "Piga ya giza, piga ya kati, piga ya mwanga. Halafu zikutanishe, ziache zikubaliane." Kamera isisogee hata unywele, maana kompyuta itaziweka picha zote tatu moja juu ya nyingine, ichukue mlima kwenye ile ya giza na mafiga kwenye ile ya mwanga. Na baada ya hapo mkono uwe mwepesi. Unakumbuka harusi ile ya kwanza uliyoniachia niihariri? Nilivuta kila kitu mpaka mwisho, mbingu ikawa rangi ya soda ya machungwa na bibi harusi akang'aa kama bati jipya. Ulinitazama muda mrefu. "Umeipika," ukasema. "Sasa imeungua."

Ulipotega kamera, mlima ulikukatalia. Ndani ulipata picha safi kabisa, Bibi yuko pembeni anapepeta mchele, lakini nje ukungu ulikuwa umefunika kila kitu na haukuondoka. Wewe hukujali. Ulichukua vijiwe vitatu, ukavikandamiza kwenye sakafu ya udongo, kila kimoja chini ya mguu wa stendi. Miguu yenyewe ukaitia alama ya rangi ya kucha ili urefu usibadilike. Ukaniambia, "Ndani tayari, bado nje. Siku mlima ukijifunua tunarudi palepale, tunachukua nje tu, tunaunganisha." Ulikuwa mjanja, Mjomba. Ukaumwa kabla mlima haujajifunua.

Masika yalipoanza, watu wa kata walipita nyumba kwa nyumba kwenye ule mteremko wakisema wahame. Majirani wakaanza kuondoka na magodoro vichwani. Bibi akagoma. Mama akapanda, akashuka analia. Nikapanda mimi. Bibi hata hakunikaribisha kukaa. "Salehe kaniahidi picha," akasema. "Picha ikija, natoka. Ahadi kwa ahadi."

Nilimkasirikia. Niliona anakutumia wewe kama kisingizio, kwa kuwa marehemu haulizwi. Na wewe nilikukasirikia, nisikufiche. Nilisema moyoni, mtu anafunga mlango kwa ahadi kisha anaondoka na ufunguo. Siku ile wakati natoka, Bibi akanifuata na neno moja tu: "Na mlango unagoma. Hausogei mpaka niuinue. Mlete fundi aupige randa." Nikamjibu bila kugeuka kwamba masika mbao huvimba, asubiri kiangazi. Jirani aliyekuwa anafunga mizigo yake naye akasema hata wake umevimba. Wote tumekulia kule, Mjomba. Mlango ukigoma masika, nani anafikiria kitu kingine?

Asubuhi moja kati ya mvua na mvua, mlima ulijifunua. Niliuona nikiwa hapa mjini, nafungua studio: milima yote ya Uluguru imesimama imeoshwa, kila bonde linaonekana. Nikafunga studio palepale, nikabeba kamera yako, stendi yako na kompyuta, nikapanda bodaboda. Njia ilikuwa tope tupu. Mara mbili dereva aliniambia nishuke nitembee, na mara ya pili akaniambia hapo ndipo mwisho wake, hapandi zaidi hata nikimpa pikipiki yenyewe.

Nyumba nyingi kwenye mteremko zilikuwa zimefungwa. Kwa Bibi moshi ulikuwa unatoka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaendelea kuchochea moto. Vijiwe vyako nilivikuta. Alikuwa anafagia akivizunguka, Mjomba. Vumbi limejipanga kwa nje, vyenyewe visafi.

Nikasimamisha stendi. Kila mguu juu ya kijiwe chake, urefu kwenye alama ya rangi ya kucha, lenzi yako ileile. Wingu lilikuwa linatambaa kutoka upande wa kushoto wa mlima. Nyuma ya nyumba nilisikia udongo ukimwagika kidogo, chechechee, kisha kimya. Nikamtazama Bibi. Akasema, "Kuku hao." Hakuna kuku, kuku wote walikwenda na majirani. Nikatumia kile kibonyezo cha mbali ili nisiiguse kamera. Ulisema tuchukue nje tu, lakini mazoea yako yamenikaa: nikapiga ya giza, ya kati na ya mwanga. Wingu likafunga mlima nikiwa namalizia.

Nikatoka na kompyuta mpaka barazani nikaunganishe hapohapo, kwa sababu nilitaka Bibi aione, aseme sawa, anyanyuke tuondoke. Nikafungua faili lako la kiangazi. Nikachukua ndani yako na nje yangu, nikaiambia programu izilinganishe.

Mlango ukatokea mara mbili.

Mwimo wa kulia, ule mti wa kando ya mlango, ulikuwa na mwenzake pembeni yake, kama anavyoona mtu mwenye malaria. Chini ilikuwa imekaribiana, juu imeachana kiasi cha kidole. Nikajitukana. Nikasema hili jina wamempa mtu asiyejua hata kusimamisha stendi. Nikarudi ndani, nikaangalia vijiwe, nikaangalia alama, nikarudia picha zote tatu ingawa mlima haukuwepo tena. Nikaunganisha. Mwimo uleule, mara mbili, mahali palepale.

Betri ilikuwa inaelekea kuisha. Nikawa nataka kuuburuta tu ule mwimo kwa nguvu, programu ina namna ya kuuvuta ukae, Bibi asingejua. Nikaukumbuka mkono wako mwepesi. Kwanza nikavua tabaka la nje, nikaweka picha yangu ya mwanga juu ya picha yako ya mwanga, ndani kwa ndani, nione nimepishana wapi.

Mafiga yalikaa juu ya mafiga. Yote matatu, hata ufa mdogo wa lile la kushoto. Mguu wa kitanda ukakaa juu ya mguu wa kitanda. Msumari anapotundika ungo ulikaa juu ya msumari. Kila kitu cha ndani kilikuwa kimoja. Ni ukuta wa mbele tu uliokuwa umetoka, na mlango wake, na ulikuwa umetoka zaidi kwa juu, kuelekea bondeni.

Mjomba, nilihisi baridi kwenye meno. Mimi sikuwa nimekosea. Kamera ilikuwa palepale ulipoiacha. Ukuta ndio ulikuwa unaondoka, na mlango ulikuwa ukigoma kwa sababu hiyo, na mimi nilimwambia mbao zimevimba. Na nilikuwa nimekaa barazani, chini ya ukuta huohuo, nimeuegemea kwa mgongo.

Nikainuka taratibu, hata sijui kwa nini taratibu. Nikamwita Bibi atoke nje mara moja. Akasema anachemsha chai. Nikamwambia nyumba inaanguka. Akasema hayo ameshaambiwa na watu wa kata, na nyumba hii mumewe aliijenga kwa miti ya msituni, si kwa karatasi. Nikataka kumbeba. Kweli nilitaka kumbeba, Mjomba, lakini unamjua, angenipiga na mwiko, tungegombana na ukuta unasikiliza.

Basi nikaingia ndani. Nilipita chini ya ule mlango nikiwa nimeinamisha kichwa, sijui nilidhani kuinama kutasaidia nini. Nikachuchumaa karibu naye penye moto, nikamwekea kompyuta magotini. Sikumwambia maneno mengi. Nikamwonyesha picha yako. Akaitazama, akajiona anapepeta mchele, akasema, "Hii ya Salehe." Nikabonyeza, ikaja yangu. Nikarudisha yako. Yangu. Yako. Mafiga hayakutikisika, kitanda hakikutikisika, na mlango ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, kama mtu anayeaga na kusita.

Aligusa kioo kwa kidole chenye masizi. Akageuka, akautazama mlango wenyewe. Ule wenyewe ulikuwa umetulia tu, wala usingedhani. Akarudi kwenye kioo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Vijiwe vyake hukuvisogeza?"

"Sikuvisogeza, Bibi."

Akamwaga chai kwenye moto. Ule mvuke ulipopanda nilijua amekubali, na hapo ndipo woga ulipokuja wote kwa pamoja, maana sasa ilibaki kutoka tu na yeye hana haraka hata siku ya sikukuu. Akachukua kanga zake. Akachukua ungo. Akainama, akaling'oa lile figa la kushoto, la moto, akalisukuma kwenye beseni kwa mwiko, akanipa nibebe. Nyuma ya nyumba udongo ukamwagika tena, safari hii haukunyamaza upesi. Bati likalia juu yetu. Nikasema, "Bibi, tafadhali," kama mtoto. Akanipa mkono. Tukapita chini ya mlango pamoja, yeye kwanza. Hakugeuka kuutazama mlima.

Stendi yako niliiacha ndani. Nisamehe. Kamera niliitoa, stendi ilibaki imesimama juu ya vijiwe vyako.

Kesho yake mvua ilipiga tangu alfajiri, na jirani akatupigia simu kabla hata Mama hajawasha jiko. Ukuta wa mbele ulilala kwanza, akasema, ukalala kuelekea bondeni kama mtu aliyechoka, kisha paa, kisha udongo wa nyuma ukaingia na kukaa. Hakuna aliyeumia. Kaburi lako liko salama, usiwe na wasiwasi, ule upande wa msikiti haukuguswa. Bibi alipoambiwa aliomba maji ya kutawadha.

Sasa picha. Nilikaa nayo hapa studio siku nyingi. Nilikuwa na ndani yako na mlima wangu, vyote vizuri, mkono nilioufanya mwepesi mpaka ungenisifu. Pembeni mwa kitanda niliacha giza lake, kwa sababu pale huwa pana giza. Kilichobaki ni mwimo. Mama alinisihi niutengeneze uwe mmoja, ili Bibi asikumbuke. Ni kazi ndogo, nimefanya kubwa kuliko hiyo kwa watu waliotaka kupungua matumbo. Nikaupeleka Kihonda kwanza bila kuugusa, kwenye kompyuta, nikamuuliza Bibi mwenyewe. Akatazama sana. Akasema, "Acha hivyo hivyo."

Nikaichapisha kubwa. Imetundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, na chini yake, kwenye beseni, kuna lile figa. Asubuhi anaketi anautazama mlima. Dirisha la tofali za jirani analipa mgongo.

Ijumaa iliyopita alikuja mgeni, mama mmoja wa mtaa huohuo, kumsalimia. Mimi nilikuwa nafunga balbu sebuleni, mlango wa chumba uko wazi. Nikamsikia mgeni anasema picha ni nzuri jamani, mlima kama unaingia ndani, ila fundi kakosea hapo mlangoni, mwimo katoa mara mbili, rudisheni awatengenezee. Nikasimama juu ya kiti na balbu mkononi. Nilijua Bibi atasema nini. Nilijua atasema, "Kafanya huyo," na atanyoosha kidole huku.

Akasema, "Hajakosea. Huu wa ndani kaupiga Salehe." Kisha akaongeza, "Na huu mwingine kaupiga Salehe."

Mgeni akauliza Salehe yupi sasa. Bibi akageukia mlango wa sebuleni. Aliita kwa sauti, kama alivyokuwa akikuita wewe ukichelewa kuja kula, aliliita lile jina lote kwa nguvu, akitaka nilete maji ya kunywa ya mgeni. Mjomba, mimi nilichelewa kuitikia. Nilikuwa nalia juu ya kiti. Akaita tena, na safari ya pili niliitika.

Nimemaliza. Mteja amefika, anatikisa kitasa, lazima nimfungulie. Pumzika sasa kule kwenye upande ulio imara. Nakuahidi mambo mawili tu, mengine nitayafanya bila kuahidi: mwimo ule sitauunganisha hata Mama akinibembeleza vipi, na kila nitakapoitwa nitaitikia upesi kuliko ulivyokuwa ukiitikia wewe.

Mpwa wako,
Salehe